SOMO: KUMCHAGULIA MZEE MKONGOJO UNAOMFAA
Kwa kamati za sharika, parokia na vigango, pamoja na marafiki wanaotuchangia



 Somo la robo hii linahusu kitu tunachokiona kila Jumapili mlangoni mwa kanisa bila kukifikiria sana, yaani mkongojo.

Kamati nyingi, zikipata fedha kidogo za huduma ya upendo, hufikiria kuwanunulia wazee na wagonjwa fimbo, magongo au fremu za kutembelea. Wazo hilo ni jema. Tatizo ni kwamba vifaa hivi mara nyingi hununuliwa kwa idadi kama madaftari ya shule: kumi kwa usharika huu, kumi kwa ule. Daftari moja humfaa mtoto yeyote. Mkongojo mmoja haumfai mzee yeyote.

Lengo la somo: mwisho wa somo hili kila kamati iweze kufanya mambo matatu, yaani kumpima mtu, kumchagulia kifaa chepesi kinacholingana naye na njia zake, na kumfuatilia baada ya kumpa.

NENO LA MSINGI: Zakaria 8:4-5

Nabii Zakaria anaonyeshwa Yerusalemu iliyorudishiwa amani. Anataja wazee wa kiume na wa kike wameketi katika njia za mji, kila mmoja na mkongojo mkononi kwa sababu ya uzee wake, na watoto wakicheza mahali hapo hapo. Tuangalie mambo matatu katika maono hayo.

Kwanza, wanawake wazee wametajwa pamoja na wanaume. Pili, wazee hao hawako chumbani wakingoja kutembelewa. Wako njiani, kati ya watu. Tatu, kila mmoja ana mkongojo wake mwenyewe. Mambo hayo matatu ndiyo kipimo cha kazi yetu.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA KWETU

Anayeishi Karagwe na Kyerwa anajua ardhi yetu. Nyumba ziko mgongoni mwa kilima, maji yako bondeni, na kanisa liko kilima cha pili. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba hugeuza njia za udongo mwekundu kuwa utelezi. Ndani ya migomba njia imefunikwa na majani makavu, na chini ya majani kuna mizizi. Kijana huruka. Mwenye goti bovu hubaki nyumbani.

Historia yetu yenyewe ina ushuhuda. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Grant aliugua mguu. Mwenzake alipoendelea na safari kwenda Buganda mwezi Januari 1862, yeye alibaki Karagwe kwa miezi kadhaa, na mwezi Aprili aliondoka akiwa amebebwa kwa machela. Alikuwa na wapagazi na mali, lakini mguu mmoja ulitosha kumzuia. Bibi yetu wa kijijini hana wapagazi.

Kuna sababu nyingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu wa Kagera mwaka 1983. Tangu hapo bibi na babu wengi wa mkoa huu wamelea wajukuu walioachwa na wazazi wao. Katika nyumba ya namna hiyo, bibi asipoweza kushuka kisimani, mjukuu ndiye anayeshuka kabla ya shule, na pengine badala ya shule. Bibi asipoweza kufika kliniki, mjukuu humsindikiza na kukosa masomo. Mguu wa bibi ukisimama, nyumba nzima husimama.

Hatuko peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika nchi nyingine maskini ni watu 3 tu kati ya 100 wenye uhitaji wanaokipata. Mkongojo, magongo na fremu vimo katika orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Nchini kwetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 zinatukumbusha kwamba mambo haya yanahusu haki za watu, si hisani peke yake.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 74 anayeishi na wajukuu wawili. Goti lake la kulia linauma kwa miaka mingi. Kanisa liko umbali wa kilomita mbili. Kamati inampelekea fimbo nzuri iliyonunuliwa mjini, nene, imepakwa vanishi. Bibi anashukuru, anapigwa picha. Baada ya miezi mitatu fimbo inatumika kuangulia maparachichi, na bibi hajafika ibadani.

Je, bibi hana shukrani? La. Kamati ilipoitazama upya iligundua makosa manne. Fimbo ilikuwa ndefu mno kwake, hivyo bega lilipanda na kuuma. Ilikuwa nzito. Ncha yake ilikuwa mti mtupu, ikateleza kwenye sakafu ya saruji. Na hakuna aliyemwonyesha ashike kwa mkono upi. Makosa yote manne yangeweza kuepukwa kwa nusu saa ya kukaa naye na kwa futi ya fundi cherehani.

UZITO: KWA NINI WEPESI NI MUHIMU

Mtu mzee hupiga hatua fupi ya kama nusu mita. Kwa kilomita moja hupiga hatua kama 2,000, na mkongojo huinuliwa mara moja kwa kila hatua mbili, yaani mara 1,000. Bibi wa mfano wetu akienda kanisani na kurudi ametembea kilomita nne, na ameinua mkongojo mara 4,000. Ukiwa umezidi uzito kwa gramu 300 tu, mkono wake umeinua kilo 1,200 zaidi ya ilivyohitajika. Hayo ni magunia 12 ya kilo mia mia. Kwa kijana gramu 300 si kitu, lakini kwa bibi ndiyo tofauti ya kwenda na kubaki.

Hata hivyo, wepesi si jambo la kwanza. Fimbo nyepesi isiyolingana na kimo humwangusha mtu upesi kuliko fimbo nzito iliyolingana. Kwa hiyo tufuate utaratibu huu: kwanza urefu, pili uimara, tatu wepesi, na mwisho kabisa uzuri wa kutazama.

AINA ZA VIFAA NA MAHALI PAKE

a) Mkongojo au bakora. Humfaa mtu ambaye mguu mmoja unauma au ni dhaifu kidogo, na mwenye mkono mmoja wenye nguvu. Bakora ya aluminiamu inayorefushwa kwa matundu huwa chini ya nusu kilo. Ya mti mzuri mkavu inaweza kuikaribia.

b) Fimbo yenye miguu minne midogo. Husimama yenyewe na husaidia baadhi ya watu waliopata kiharusi, hasa ndani ya nyumba yenye sakafu. Ni nzito zaidi, na kwenye njia yenye mawe na mizizi mguu mmoja hubaki hewani na fimbo huyumba. Tusiinunue kwa ajili ya njia za migombani.

c) Magongo ya kwapani na ya kiwiko. Huwafaa wasioweza kabisa kukanyagia mguu mmoja, kama aliyevunjika au aliyekatwa mguu. Huhitaji mikono miwili yenye nguvu. Mzee dhaifu akipewa magongo kwa sababu tu yapo stoo, huanguka nayo.

d) Fremu ya kutembelea. Huwafaa wanaoyumba pande zote mbili. Fremu ya aluminiamu isiyo na magurudumu huwa kama kilo 2 hadi 3. Yenye magurudumu manne na breki mara nyingi hupita kilo 6, na magurudumu yake madogo yametengenezwa kwa barabara za lami na sakafu laini. Katika kata za milimani haitoki uani.

e) Fimbo nyeupe. Hii ni ya asiyeona, kwa ajili ya kupapasa njia na kutambuliwa na wengine. Haikutengenezwa kuegemewa. Asiyeona ambaye pia ana udhaifu wa mguu anahitaji ushauri wa mtaalamu.

JINSI YA KUPIMA

Kazi hii inaweza kufanywa na mwanakamati yeyote aliyefundishwa, mbele ya mhusika na kwa ridhaa yake.

1. Avae viatu anavyovaa kila siku. Kama ni kandambili, apimwe na kandambili. Kama hutembea peku, apimwe peku.

2. Asimame wima kadiri awezavyo, mabega yametulia, mikono imening'inia. Mtu wa pili asimame karibu asije akaanguka.

3. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Huo ndio urefu wa mkongojo hadi mahali pa kushika. Uandike kwenye daftari pamoja na jina lake.

4. Akiushika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Bega likipanda, mkongojo ni mrefu. Akiinamia upande, ni mfupi.

5. Mkongojo wa mti ukatwe chini kidogo kidogo, akijaribu kila mara. Kilichokatwa hakirudi.

Kwa magongo ya kwapani, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya gongo na kwapa. Uzito wa mwili ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa huumiza mishipa ya fahamu, na mikono inaweza kufa ganzi.

MKONO UPI?

Hapa ndipo wengi hukosea. Mkongojo hushikwa kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande wa mguu unaouma. Bibi mwenye goti bovu la kulia ashike kwa mkono wa kushoto. Sababu yake ni rahisi kuiona: tunapotembea, mkono wa kushoto huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Mkongojo ukienda pamoja na mguu mgonjwa kutoka upande wa pili, huupokea uzito kabla haujashuka wote kwenye nyonga na goti. Ukishikwa upande ule ule, mtu huinama juu ya mguu unaouma na kuuongezea mzigo.

Mwendo ni huu: mkongojo na mguu mgonjwa pamoja, kisha mguu mzima. Kwenye ngazi au kizingiti, mguu mzima hutangulia kupanda. Wakati wa kushuka, mkongojo na mguu mgonjwa hutangulia. Mfundisheni mjukuu pia, maana yeye ndiye atakayemkumbusha bibi kila siku.

FUNDI WA KIJIJINI ANAWEZA

Si lazima kila kifaa kitoke mjini. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza mkongojo mzuri akipewa vipimo na masharti haya:

• Mti uwe mkavu, umenyooka, hauna mafundo wala matundu ya wadudu. Mti mbichi ni mzito, na ukikauka hupinda.
• Shina liwe na unene wa kama sentimita 2.5. Unene zaidi ya hapo mara nyingi ni uzito wa bure.
• Mahali pa kushika pawe pana, palainishwe kwa msasa. Mwenye vidole vinavyouma azungushiwe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli ili pawe panene na pasiteleze.
• Ncha ya chini ivalishwe mpira. Ukikosekana wa dukani, fundi wa makatambuga anaweza kukata kipande cha tairi la gari na kukifunga imara. Misumari isitokeze.
• Kabla ya kupokea, fundi mwenyewe auegemee kwa uzito wake wote. Ukilia au kupinda, arudie.

Mpira wa ncha huisha kama soli ya kiatu. Ukiwa laini bila mistari, au mti ukianza kuonekana, ubadilishwe mara moja. Fungu dogo la mipira ya akiba katika ofisi ya usharika huzuia maanguko mengi kwa gharama ndogo.

KUMTEMBELEA MHUSIKA

Tusimwite mzee ofisini kuja kupokea, maana shida yake ndiyo hiyo ya kutembea. Twende kwake watu wawili, na mmoja awe mwanamke. Tumsalimie kwa heshima, tukae, tusikilize. Swali la kwanza lisiwe “Unahitaji fimbo?” Liwe hili: “Shikamoo bibi. Ukiamka asubuhi, unapenda ufike wapi, na unashindwa wapi?”

Jibu litatuongoza. Huenda akasema, “Marahaba wanangu. Mimi naogopa choo cha usiku.” Hapo mkongojo peke yake hautoshi. Anahitaji njia isawazishwe, kamba au mti wa kushikilia, na taa. Mwingine atasema sokoni, mwingine kanisani, mwingine kaburi la mwanawe. Tutembee naye njia hiyo, walau mita 20, kabla ya kuamua kifaa.

Tujue pia kwamba wengine wanaona haya. Mzee wa kiume hushika fimbo kwa heshima hata asipoihitaji, lakini mama mzee anaweza kudhani akishika mkongojo watu watasema amekwisha. Tusimlazimishe. Tukumbuke Zakaria alivyowataja wanaume na wanawake pamoja. Mchungaji, padre au katekista akilisema jambo hili ibadani mara moja tu kwa upole, atawafungulia wengi mlango.

Baada ya kumpa, tumtembelee tena baada ya wiki mbili, kisha baada ya miezi mitatu. Tumwulize: Unautumia? Umefika wapi? Umeanguka? Kuna mahali panapouma?

DALILI ZA KUMPELEKA HOSPITALI KWANZA

Mkongojo si dawa. Mtu asipewe kifaa na kuachwa, bali apelekwe kituo cha afya au hospitali, kama vile Nyakahanga kwa Karagwe au Isingiro kwa Kyerwa, akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

• Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda au kushindwa kusema. Hiki chaweza kuwa kiharusi. Aende siku hiyo hiyo bila kungoja.
• Ameanguka na hawezi kusimama, au mguu umegeuka nje na kuonekana mfupi. Nyonga inaweza kuwa imevunjika.
• Kizunguzungu, au kuanguka mara kwa mara bila sababu inayojulikana.
• Ganzi au vidonda vya miguu visivyopona.
• Mtoto asiyetembea kwa wakati wake, au mwenye miguu iliyopinda.

NENO KWA MARAFIKI WANAOTUCHANGIA

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunawaomba mtusaidie kwa namna inayofaa milima yetu. Shehena ya fremu za magurudumu huonekana vizuri kwenye picha, lakini nyingi zitaishia stoo. Fedha ile ile ikigawanywa katika kufundisha wapimaji wawili kwa kila usharika au parokia, kumlipa seremala, kununua mipira ya akiba na nauli ya bodaboda ya kuwafuatilia wazee, itawatembeza watu wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Wenye mahitaji makubwa, kama miguu bandia, wasaidiwe nauli na gharama za kuwafikia wataalamu. Nchi yetu inao: chuo cha KCMC Moshi kimefundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980.

Tunapendekeza pia taarifa za kamati zibadilike. Badala ya kuandika “mikongojo 30 imegawiwa,” tuandike ni wazee wangapi bado wanaitumia baada ya miezi mitatu, na wamefika wapi. Kama jibu ni 11, tuandike 11, kisha tutafute sababu ya wale 19.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Taja kwa majina wazee na wagonjwa wa mtaa au jumuiya yako ambao hawajaonekana ibadani kwa miezi mitatu. Nani amewatembelea?
2. Katika vifaa tulivyogawa, vingapi vinatumika leo? Visivyotumika viko wapi, na vinaweza kukatwa, kurekebishwa au kupewa mwingine?
3. Nani kati yetu ana futi, na nani atajifunza kupima?
4. Mlango wa kanisa letu una ngazi ngapi? Je, kuna mahali pa kushikilia? Sakafu hukaushwa siku ya mvua?
5. Ni watoto wangapi wanakosa shule kwa sababu ya kumhudumia bibi au babu asiyeweza kutembea?

HITIMISHO

Kumbukeni bibi wa mfano wetu. Kamati ilirudi kwake, ikampima, ikaikata fimbo ile ile sentimita saba, ikaichonga ikawa nyembamba na nyepesi, ikaivalisha kipande cha tairi, ikamwonyesha kuishika kwa mkono wa kushoto. Haikununua kitu kipya. Kilichoongezwa ni muda wa kukaa naye. Hilo linawezekana katika kila usharika na kila kigango cha Karagwe na Kyerwa, hata mahali ambapo mfuko wa kamati ni mtupu.

Mungu awabariki mnapoanza kupima. Tuleteeni taarifa zenu kabla ya toleo lijalo, tupate kujifunza pamoja.